Kishimo cha Mama Migombani

Jumanne, Akheri

Bado lile swali la mama linanisumbua.

Daktari ametueleza vizuri. Ile valvu ya moyo wa mama inayovuja, ikiwezekana ataitengeneza, mama abaki na yake. Ikishindikana ataitoa na kuweka ya chuma, na mama atameza dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote. Atajua akishafungua kifua.

Nilijiandaa na maswali mengi. Mama akaniwahi: "Daktari, mkiitoa hiyo yangu, mtanipa niende nayo nyumbani?"

Daktari akatabasamu, akasema ataulizia. Mimi nilitazama sakafu.

Kwenye gari nikamwambia, "Mama, umeniaibisha."

"Vitovu vyenu wote nilivizika migombani, mwanangu. Hiki kipande cha moyo wangu nikiache kwa watu?"

Nilikuwa nimenuna.

Jioni nimemkuta migombani, ameegemea jembe, anahema. Amechimba kishimo kidogo kando ya mgomba wangu, pale kitovu changu kilipo. Nimempokea jembe, nikamshika mkono mpaka ndani.

Upasuaji ni wiki ijayo na ninaogopa. Namwomba Mungu kishimo kile kibaki kitupu.