Neno la Mwalimu Albina Limedakwa Kijijini Likunja

Mwaka umetimia leo, Mwalimu Albina, tangu saa moja ya asubuhi ile chai yako ilipopoa mezani bila kuguswa. Mzee Benedikto, mumeo, alikuita mara mbili kutoka uani. Hukuitika.

Hatutaandika kwamba ulikuwa malaika, maana ungetusahihisha. Ulikuwa mkali. Ulisahihisha madaftari kwa kalamu ya kijani, ukisema nyekundu inawatisha watoto, halafu ukawatisha kwa macho. Mgeni alipewa kiti kizuri, wewe ukakalia ndoo. Watoto waliotoka nyumbani na njaa walikunywa uji jikoni kwako kabla ya kengele, na hukutaka lisemwe. Tumelisema.

Kuna habari moja ambayo hukuchoka kuisimulia: timu yako ya netiboli. Mlikuwa wasichana tisa wa bweni moja, mkisomea ualimu Nachingwea. Jioni baada ya mazoezi mlikaa kikao, na mlijiwekea sharti mlilolitoa uwanjani: dada akitoa neno, mwingine alidake kabla halijaanguka. Mlikuwa mmeshaona kwamba mikutanoni neno la mwanamke halikataliwi. Linaachwa tu, mwenyekiti anahamia ajenda nyingine. Kudaka hakukuwa kukubali. Aliyedaka alitaka neno lijadiliwe, na baada ya hapo alikuwa huru kulipinga.

Hatudai kwamba mpira humfanya mtu kiongozi. Tunaandika tunachokijua. Mwamini aliongoza ushirika wa wakulima wa ufuta kule Chiola. Eva akawa mwalimu mkuu. Wewe ulikaa katika halmashauri ya kijiji hadi siku ile ya chai. Na kila mmoja wenu alipogombea chochote, wenzake walipanda gari wakaenda kumsikiliza.

Binti yako Tabitha hakuutaka udada huo. "Mama, mimi sijasajiliwa kwenye timu yako," alikuwa anakuambia. Nawe ukimjibu, "Benchi lina nafasi." Aliuza vitenge vyake Ruangwa mjini, na kijijini kukiwa na mkutano alikaa nyuma kabisa. Hakuwahi kunyoosha mkono.

Uliacha hoja moja haijaamuliwa. Ulitaka kiwanja kilicho jirani na sekondari kiwe cha bweni, ili wasichana wanaotoka vitongoji vya mbali wasiendelee kupanga vyumba peke yao. Wengine walikitaka kwa ghala la ufuta na korosho. Mwezi wa tatu kijiji kiliitwa kuamua. Hoja yako isipopata mtu, kiwanja kilikuwa kinakwenda kwa ghala.

Mwamini na Eva walifika mapema, wamevaa sare ya kitenge mliyoshona pamoja. Mwenyekiti Shaban alipofika kwenye ajenda hiyo akauliza, "Hoja ya marehemu ina mwenyewe?"

Tabitha alikuwa nyuma kabisa, mahali pake pa siku zote. Akasimama.

"Ninayo mimi," alisema. "Kiwanja kiwe cha bweni. Watoto wanalala vyumba visivyo na komeo. Mwenye binti anajua ninasema nini."

"Marehemu hapigi kura," Kaimu, mmoja wa waliotaka ghala, alisema kutoka upande wa wanaume, na watu wakacheka.

"Ndiyo maana nimesimama mimi, mjomba."

Kicheko kikahama upande. Mwamini alikuwa ameshanyanyuka nusu, lakini mtendaji wa kijiji alimwahi. "Mama, wewe ni wa Chiola. Hapa ni mgeni. Karibu usikilize."

"Nafunga mdomo, baba. Ukivimba, zahanati utanipeleka wewe," Mwamini alisema akikaa chini.

Mwenyekiti akainamia karatasi zake kutafuta ajenda iliyofuata. Tabitha alibaki amesimama, na hapo ndipo alipoelewa ulichokuwa unamweleza miaka yote. Neno lilikuwa limeshatoka mdomoni, na hakuona mkono hata mmoja.

"Nadaka."

Aliyesema alikuwa Bi Hajra, mkulima wa ufuta, msemaji wa waliotaka ghala, mwanamke uliyebishana naye kuliko wote hapa kijijini.

"Hajra, wewe si wa ghala?" mwenyekiti akauliza.

"Ni wa ghala, na kura yangu ni ya ghala, usiihesabu kwingine. Lakini mimi niliposema gulio litoke Ijumaa, mlinicheka hapahapa. Albina akalidaka neno langu, halafu akanipinga mpaka jasho likanitoka. Mwishowe gulio si lilihama? Basi na la mwanawe lijadiliwe."

Likajadiliwa, Mwalimu. Ungekuwepo ungesimama juu ya ndoo yako. Safina, anayeuza chakula kando ya shule, alieleza wanaume wazima wanaogonga madirisha ya watoto. Wa ghala walijibu kwa hoja nzito, kwamba ufuta unanyeshewa na mvua na ada za shule zinatoka humohumo. Wanawake ambao hatukuzijua sauti zao waliomba nafasi. Kaimu alisimama kupinga, watu wakamzomea, na mwanamke mmoja akasema, "Nadaka la Kaimu," ili na yeye asikilizwe. Kaimu alipomaliza, alishukuru na kukaa chini.

Kura zilipoitwa, Bi Hajra aliunyoosha mkono wake kwa ghala, juu kabisa, kila mtu amwone. Tabitha alinyoosha wake kwa bweni. Bweni likashinda. Mwamini akapiga vigelegele kwa niaba ya wageni wote, na mtendaji hakumkataza.

Tungependa kukuandikia kwamba bweni limejaa wasichana. Halijajaa. Hadi tunaandika, kuta zimefika kwenye linta, juu ya madirisha.

Wanaokukumbuka ni mumeo Benedikto, wanao Tabitha na Silvanus, mkweo Mwamina, wajukuu zako, ndugu zako wa Nachingwea, na dada zako wa bweni, Mwamini na Eva. Siku zote tutakuwa nawe mioyoni, Mwalimu.

Jumatatu iliyopita Tabitha na Bi Hajra walikwenda pamoja ofisi za wilaya Ruangwa kuulizia mabati ya bweni na kiwanja kingine cha ghala. Walibishana njia nzima, na wakarudi na barua mbili.