Kibuyu Kisichoonjwa

Karatu, 6 Machi 1960

Mjukuu wangu Bernadina,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko shuleni? Mimi sijambo ila goti, na goti nalo halijanishinda. Naandika mwenyewe, karani simtaki.

Washenga wa Wilibrodi wametoka Mbulumbulu kukuposa. Wameniachia kibuyu cha pombe ya asali. Desturi unaijua: nikionja nimekubali, nawe unarudi nyumbani kuolewa. Bado kimezibwa. Koo linaniwasha.

Mama yako Cresensia analia eti uachwe usome. Nikamuuliza, anasoma nini? Historia ya Ulaya na Amerika! Nikacheka. Nani Karatu nzima anaijua Ulaya kunishinda mimi? Yule Mjerumani wa Oldeani nilimpikia mpaka Mwingereza alipokuja kumkamata, supu bado ya moto.

Basi nitakupima. Ukijibu, unabaki. Ukishindwa, nakifungua. Waamerika ni Waingereza waliohama, sivyo? Mbona hawana mfalme?

Babu yako, asiyedanganyika


27 Machi 1960

Shikamoo Babu,

Mimi mzima, ila tangu barua yako chakula hakipiti. Goti ulipake mafuta ya kondoo.

Mfalme walikuwa naye, Joji. Aliwatoza kodi ya chai bila kuwaita barazani kusema lao. Wakapanda melini wakaimwaga chai yote baharini. Vikaja vita, wakashinda.

Babu, kizibo kisiguswe.

Mjukuu wako Bernadina


Karatu, 24 Aprili 1960

Mjukuu,

Salamu, na goti limesikia mafuta.

Chai yote? Wapumbavu! Wangeinywa kwanza ndipo wakatae kodi. Lakini kulipa bila kuitwa barazani, hilo nalijua. Nilisimulia dukani kwa Omary. Akasema uongo, Joji ni huyu wa kwenye shilingi, amekufa juzi kitandani mwake. Tukabishana mpaka akafunga duka. Nani mwongo? Na waliomwaga walifungwa?

Washenga wamerudi. Wanakitazama kibuyu kama wafiwa. Wanasema tangu dunia iumbwe hakuna mwanamke, ukiacha masista, aliyekataa kuolewa akawa mtu. Huko Ulaya yupo? Hilo hutaliweza.

Babu


15 Mei 1960

Shikamoo Babu,

Natumaini nyote wazima. Joji wa chai ni wa tatu, wa shilingi ni wa sita. Waliomwaga walijipaka masizi usoni wasijulikane.

Yupo, Babu. Malkia Elizabeti wa Uingereza, si huyu wa sasa, yule wa kwanza. Washenga walitoka Hispania, Swideni, Ufaransa. Hakumkubali mtu, wala hakuwafukuza upesi. Kila wakija, bado anafikiri. Akafikiri mpaka akazeeka, na nchi ikamtii.

Mtihani wangu ni Novemba. Nami naomba unifikirie.

Bernadina wako


Karatu, 12 Juni 1960

Mjukuu wangu,

Sisi wazima, na mama yako ameanza kuimba tena.

Washenga walikuja Jumapili na mjomba wao mkali. "Mzee, leo sema moja!" Nikawaambia, bado nafikiri. "Utafikiri mpaka lini?" Nikasema, kawaulizeni Wahispania. Wakatazamana! Wameondoka wamenuna, na kibuyu hawawezi kukichukua maana sijajibu.

Pombe imechacha, nyumba yote yanuka siki. Mama yako alitaka kuimwaga, nimemkataza. Kazi hiyo ina wenyewe. Bahari hatuna, mto upo. Novemba ukimaliza mtihani, njoo. Masizi nimeshakwangua chunguni, yako na yangu.

Babu yako, anayefikiri