Tambara Kwenye Bomba la Hewa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Asubuhi limeletwa gereji gari la zahanati ya masista, Land Cruiser ya dizeli. Halivuti. Dereva wao Hironimus anasema kwenye tambarare linakwenda, mlimani linatoa moshi mweusi na kuishia gia ya kwanza. Wametoka safari ya Nakapanya. Nikamuuliza dizeli alijaza wapi. Akasema kwenye madumu, hukohuko, kituo cha mafuta kilikuwa kimekauka. Basi! Nikamwambia Sista Getruda, mkuu wa zahanati, mbele ya dereva kwamba ni mafuta machafu. Hironimus akasema lilikuwa zito tangu wakati wa kwenda, kabla ya hayo madumu. Sikumsikiliza. Boneti sikufungua. Niliona raha kujibu haraka vile, kama daktari bingwa.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwaga dizeli yote, nimeosha tanki, nimeweka filta mpya. Nikalijaribu mlima wa Matogoro. Bado! Moshi uleule.
Moshi mweusi maana yake injini inakosa hewa. Miaka yote nawaambia wenzangu hivyo. Nikafungua bomba la hewa linalotoka kwenye ea klina, kile kichujio cha hewa. Ndani mna tambara. Kitenge cha njano cha mke wangu, Dorine — alinichania kile cha zamani nipate vya kufutia mikono. Nilikichomeka mwenyewe wiki jana nilipolifanyia servisi kabla ya safari, vumbi lisiingie kwenye injini. Nikasahau kukitoa.
Nimekitoa. Gari limepanda Matogoro kama halijawahi kuumwa.
Sista akapiga simu. Nikasema limepona. Akauliza kama kweli ni yale mafuta.
“Tanki lilikuwa chafu, Sista.”
Lilikuwa na uchafu kidogo. Kila tanki lina uchafu kidogo. Ewe Valence, unamdanganya sista!

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Nimepakwa majivu. Nje ya kanisa Sista kanishukuru, akanieleza ambayo sikuyajua. Wakati wa kurudi walimpakia mama mjamzito karibu na Namtumbo, wamuwahishe hospitali hapa Songea. Gari likashindwa mlima. Akajifungulia siti ya nyuma, mvua inanyesha, Hironimus kashika tochi huku kageuzia uso dirishani. Mtoto mzima. Mama alipoteza damu nyingi, bado yuko wodini.
Hironimus amesimamishwa kazi. Kwa ajili ya madumu.
Alipita karibu yetu, majivu usoni, akatuamkia kwa adabu. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Dorine. Akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akaniuliza Hironimus ana watoto wangapi. Anajua ana wangapi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefika hadi geti la zahanati. Mlinzi akauliza shida. Nikasema nimekuja kuangalia oili ya gari. Nikaangalia oili. Nikarudi. Sista alikuwa ofisini, mlango wazi, nilimwona kabisa.

Jumamosi, 8 Machi
Hironimus yuko kibarazani kwangu. Sasa hivi.
Kaja na shati la kanisani. Nilidhani amejua. Hajajua. Anataka nimsindikize kwa Sista, nimweleze kwamba dereva hawezi kutambua dizeli mbaya kwa macho. Anasema mimi ndiye wanayemwamini.
“Niliyanusa yale mafuta, fundi, nikaona yako sawa,” ameniambia. “Labda pua yangu imezeeka.”
Jana alikwenda wodini kumwomba yule mama msamaha. Alimpelekea uji. Mama akamwachia ampakate mtoto. Alipokuwa akinisimulia hilo akajifanya anakohoa. Na mimi nimekaa hapo, nasikiliza, natikisa kichwa kama mtu mwenye huruma!
Ameomba msamaha kwa kosa langu. Mimi nimepewa asante.
Nikamwambia anisubiri, nabadilisha shati, twende wote. Niko chumbani naandika nimesimama. Nikienda naye nikasema hayo anayotaka, atarudishwa kazini labda, na mimi nitabaki fundi wa masista. Ndiyo ninayoyawaza! Hata sasa!
Dorine kampelekea chai. Nawasikia. Hironimus anasema tusichelewe, Sista hutoka mapema Jumamosi.
Dorine anamjibu, wala hapunguzi sauti:
“Anakuja, kaka. Ana jambo la kukwambia kwanza.”
Nasikia kikombe kikiwekwa chini. Shati nimeshavaa. Vifungo vyote nimefunga. Natoka kumwambia.