Nyundo ya Mjomba Anacleto

Serra das Cabras,
Pernambuco.
3 Juni 1984

Mpendwa Dada Lindalva,

Habari za São Paulo na baridi yake? Kifua kimepona? Sisi wazima, ila mvua imetupa kisogo na maharage yamenyauka. Mimi bado karani kwa msajili, na moyo bado hunidunda kila mlango ukigongwa.

Nakuandikia upesi kabla hujasikia kwa wengine. Jumamosi, kwenye mashindano ya waimbaji wa papo kwa papo, niliwekwa meza ya waamuzi, eti kwa kuwa nimesoma. Baba yako alishindana na Jovino. Walipewa martelo, ule wimbo wa nyundo: mizani kumi kila mstari, mkazo uanguke kwenye ya tatu, ya sita na ya kumi. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, akigonga meza kwa kifundo cha kidole, tangu nina miaka saba.

Mstari wa nane, mkazo ukaanguka kwenye ya tano. Wazee wa mbele wakainamisha macho. Ubeti uliofuata, tena. Nilimpa alama nane kati ya kumi. Alishindwa kwa nusu alama.

Jumatatu akaja ofisini, watu wamejaa.

"Wewe karani, masikio yako yamejaa karatasi?"

"Mkazo uliteleza, Mjomba."

"Uteleze kwangu? Nilikuwa naimba kabla baba yako hajaota ndevu. Sikiliza."

Akaimba mstari uleule akigonga kaunta. Kidole kiligonga kwenye ya sita, sawasawa. Sauti ilikuwa imeshatangulia, kwenye ya tano. Hakuona tofauti.

"Haya, umesikia?"

Nikasema nimesikia. Watu wakacheka, wakidhani nimekomeshwa.

Tangu hapo silali vizuri. Juzi nilimwita kwa nyuma mara tatu, hakugeuka. Mama yako anasema ni kiburi. Mimi naogopa masikio yanamwacha, na mkesha wa Mtakatifu Yohana ameitwa kuimba na vijana wawili kutoka Paraíba. Hao hawana huruma. Kosa lako hulifanya ubeti palepale, na umati mzima ukaurudia.

Kwangu hatasikia neno. Njoo kabla ya tarehe ishirini na tatu, simama nyuma yake, umwite. Ikiwa nimekosea, nitamwomba radhi sokoni mbele ya kila mtu, nami nitarudi nyumbani nikiwa na furaha.

Msalimie shemeji Gilvan na Rosilda mdogo. Bikira Maria akushike mkono njiani.

Ndugu yako akupendaye na kukungoja,
Edmilson