Matuta ya Taka Mtaani Kwetu

Mume wangu Deo,

Marahaba. Shangazi yako kajifungua salama, kwa hiyo naitwa bibi mara ya pili na meno yangu yote yapo.

Umeniuliza, vijana wa Manzese mkitaka kusafisha mtaa muanzie wapi. Nilipokuwa na umri wako nasi tulisafisha hapa Sumbawanga, nyumba zimebanana, mifuko ya plastiki kila kona. Nilitangulia na fagio, nikipiga kelele kama mgombea. Gari la taka tuliloahidiwa halikuja.

Jirani yetu Mama Sikitu akasema, "Kwani shambani tunafanyaje? Tufukie kwenye matuta, zioze."

Wafipa nyasi tunazifukia ziwe mbolea. Tukacheka, tukachukua majembe. Matuta yalipendeza, ungetamani kupanda maharage.

Mvua ya kwanza iliyapasua. Plastiki ikatoka kama ilivyoingia, ikaziba mtaro, maji yakaingia kwa Mama Sikitu na ukuta wake wa tofali mbichi ukalala chini. Wale wale waliolima naye matuta wakasema, "Si wazo lake?" Hakuna aliyempelekea hata tofali.

Siku anahamia Laela alifagia uwanja wake, akanijia na beseni la taka.

"Jirani, hizi nikaziweke wapi?"

Lile gari mpaka leo silioni. Wewe anza na swali lake, mume wangu, kabla hujagawa fagio hata moja.

Bibi yako, mkeo mkubwa