Kamba ya Paji na Mama wa Munara

Mama yangu mupendwa,

Mbele ya salamu, acha nikuambie mambo ya mujukuu wako. Sasa hivi Furaha amefunga bidoni tupu ya maji na kitambaa changu cha kichwa, akakipitisha kwenye paji la uso, akainama, anazunguka nayo hapa kiwanjani. Namuuliza anakwenda wapi. Anasema anapeleka sokoni muzigo wa Koko, ni wewe bibi yake. Nimecheka, kisha haya ikanirudia.

Mugongo wako unaendeleaje? Miguu imepunguza kuvimba? Siye hapa Bujumbura tuko wazima, Mungu anasaidia.

Unajua ninakanda udongo hapa mutaa wa Cibitoke, kwa Désiré, fundi wa sanamu. Ni wa munara mukubwa wa kumbukumbu ya inchi, ule wanajenga juu ya mulima. Chini yake watasimama watu wa beto, ile saruji na kokoto: mulimaji, mupiga ngoma, na mama mwenye muzigo. Kila mumoja anaumbwa kwanza na udongo, wakubwa wa serikali wanamukubali, ndio beto inamwagwa. Kwa yule mama, Désiré akakosa mutu wa kutazama. Akaniambia, "Mama Furaha, beba tu vile umezoea." Basi nikabeba vile nimezoea: kamba kwenye paji, kitunga mugongoni, nikainama.

Juma lililopita wakubwa wakaja. Mama mumoja mwenye miwani akamuzunguka yule wa udongo, akasema, "Huyu ni Mukongomani, anapanda mulima wa Bukavu. Kwetu muzigo unakaa kichwani." Wakacheka wote, hata wakandaji wenzangu. Désiré amekulia mujini, alifuata tu macho yake. Wakamupa mpaka leo amuumbe upya, ama kazi iende kwa fundi mwingine.

Kisha yule mama wa miwani, alipojua ni mi niliyetazamwa, akaniuliza, kwa upole kabisa, nani alinifundisha kubeba vile. Na mi, Mama, mi uliyenilisha kwa kubeba mizigo na ile kamba, nikajibu, "Apana, niliona tu watu njiani." Mutoto namwambia hivi ndivyo Koko anabeba, mbele ya wakubwa nakuficha. Ile alama ya paji lako naijua kuliko sura yangu.

Désiré hakunigombeza, na hiyo ndiyo inaniumiza zaidi. Mama Divine, mupishi wetu, ananifundisha kubeba kichwani. Kitunga kinaanguka, anasema kichwa cha Mukongomani ni cha kusuka nywele tu. Lakini leo asubuhi nimefika nacho mpaka mulangoni. Désiré amemaliza shingo na mabega, anabakiza sura. Namuombea sana.

Unisalimie dada yangu Riziki na watoto wake, na mama mukubwa anayeuza ndizi, umwambie Furaha anakula.

Gari ya wakubwa imefika. Désiré ananiita nisimame na kitunga. Yule mama wa miwani naye ameshuka, namuona. Mbele ya kukiweka kichwani nitamwendea, nimwambie aliyenifundisha ile kamba ni mama yangu, anaitwa—