Marehemu Wote Wako Ndani ya Diski Moja

Jumamosi, mtaani Rhonda. Vumbi tangu asubuhi, na moyo wangu hauko sawa. Leo sijamwamini mtu yeyote, kuanzia na kompyuta yenyewe.

Imekuwa ikikwaruza tangu Jumatano. Kwanza nilidhani ni panya, kisha nikadhani ni vumbi limepenya chini ya kitambaa ninachoifunikia. Nikatega sikio. Sauti inatoka ndani: tik, tik, halafu kimya, halafu tik.

Wanaonijua wanajua kazi yangu. Mtu akifa mtaani, familia huniletea picha na habari za maisha yake, nami natengeneza kile kijitabu cha mazishi. Huu ni mwaka wa saba. Simu huibwa, nyumba huungua, na haupiti mwezi kabla mtu hajabisha mlangoni kuulizia picha ya marehemu wake, kwa sababu iliyobaki ni ile iliyo kwangu tu. Kompyuta hii ikifa, hao wote watakufa mara ya pili, na safari hii atakayeulizwa ni mimi.

Hofu yenyewe haikuwa kubwa mwanzoni. Mimi si mjinga. Kila Jumamosi hunakili kila kitu kutoka diski C kwenda diski D. Hata hivyo, jana nilishinda nikitafuta zile programu zinazonakili diski nzima jinsi ilivyo, ili hii ikifa leo, kesho niirudishe kwenye diski nyingine bila kupoteza kitu.

Ya kwanza ilikuwa na kitufe kikubwa cha kijani, kinawakawaka kikinihimiza nipakue haraka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikaifunga. Ya pili ni ya bure, ila inataka namba ya kadi ya benki. Kama ni ya bure, kadi ni ya nini? Ya tatu inataka kuweka kila kitu kwenye kompyuta zao huko ng'ambo. Nikamfikiria marehemu Baba Brayo, aliyekuwa mume wa jirani yangu, mtu ambaye hata Nairobi hakuipenda, akihifadhiwa huko bila mtu wa kwao.

Leo asubuhi nikamwita Karanja, fundi wa kompyuta. Akaja na flashi yenye programu ya kulipiwa ambayo ameshaivunja kufuli, eti sitatoa hata shilingi. Nikamwambia flashi yake ikae mfukoni. Mtu anayevunja kufuli ya mwingine ili anisaidie, yangu ataiacha?

Hakukasirika. Aliniuliza tu nakala zangu huwa naziweka wapi. Nikajibu kwa maringo kwamba naziweka D. Akafungua kompyuta, akanionyesha diski yenyewe, kidude kimoja cha chuma, kiko peke yake mle ndani.

"Mathe, C na D ni vyumba viwili vya nyumba moja. Hii nyumba ikichomeka, wewe umetoa tu viti sitting room ukapeleka bedroom."

Miaka saba.

Nilikaa kitandani nikaona aibu. Nimewashuku watu wote isipokuwa mimi mwenyewe.

Baadaye nikapata programu ya nne. Sura yake ni mbaya kama fomu ya serikali, haina matangazo, wala haikuniuliza jina. Nikachukua hiyo. Nikanunua diski ya nje mjini, nikaanza kunakili, ikachukua saa tatu, na kila tik ikinipandisha presha. Programu ikasema imemaliza. Sikuiamini. Nikaifungua nakala yenyewe, nikatoa faili moja kwa kubahatisha. Akatokea Baba Brayo, na koti lake la harusi.

Karanja alikuwa ameniachia onyo: diski isilale nyumba moja na kompyuta, maana mwizi hubeba vyote. Sasa ilale kwa nani? Dada yangu anakaa Kihoto, Naivasha, na ziwa likipanda maji huingia hadi jikoni kwake. Kabati la kanisa halina kufuli. Akabaki Mama Brayo, ambaye nimemshuku tangu aliponirudishia sufuria yangu ikiwa na kifuniko cha sufuria nyingine.

Nimempelekea jioni hii, nimeifunga kwa leso. Nikamweleza kwamba humo wamo marehemu wote, na Baba Brayo yumo. Akaipokea kwa mikono miwili, akafungua sanduku lake la bati, akaiweka kati ya Biblia na hati ya shamba.

"Itakaa hapo," akasema. "Kuja uichukue siku yoyote."

Nilipokuwa nikirudi ndipo nikakumbuka siku aliyonitumia picha ile ya mumewe. Hakuwa na nyingine, na simu yake iliibwa muda mfupi baada ya mazishi. Mimi nimechunguza programu nne na fundi mmoja kabla ya kumwachia mtu kitu. Yeye hakuniuliza hata nitaiweka wapi.

Kesho tukikutana kanisani, kile kifuniko sitakitaja.